Hilux au Ranger: punguzo la bei na siku za gereji

Mtu akisema anatafuta pikapu ya dabo kebini, iwe kwenye vijiwe vya Nyasho mjini Musoma, stendi ya Bunda au njia panda ya Makutano, hapewi ushauri. Anapewa hukumu mbili. Wa kwanza atamwambia achukue Toyota Hilux asije akajuta. Wa pili atamjibu kwamba Hilux ni kulipia jina, heri achukue Ford Ranger apate gari lenye nguvu, pana ndani, na chenji ibaki mfukoni. Wote wawili wana ushahidi: huyu anaijua Hilux iliyotembea miaka nenda rudi bila kushushwa injini, yule anaijua Ranger inayotoka Musoma hadi Dar es Salaam bila kukohoa. Na kila mmoja anayo pia hadithi ya gari la mwenzake lililokaa gereji mpaka nyasi zikaota chini ya tairi.

Mnunuzi huondoka hapo amechanganyikiwa zaidi ya alivyokuja, kwa sababu mabishano haya hufanywa kwa majina, wakati chini ya kila jina kuna mashine kadhaa zisizofanana. Hilux ya injini ya 5L na Hilux ya 2.8 ni ndugu wa nembo tu. Ranger ya 3.2 na Ranger ya 2.0 yenye turbo mbili ni vivyo hivyo. Kabla ya kuchagua jina, inafaa kujua gari limezaliwa wapi, limeishi wapi na litakufanyia kazi gani.

Njia zilizozifikisha huku

Toyota nyingi za mtumba tunazoziona barabarani, IST, Noah na nyinginezo, zimetoka Japani. Hilux haikupita njia hiyo. Toyota iliacha kuiuza Hilux kwa Wajapani wenyewe mwaka 2004, ikaja kuirudisha mwaka 2017. Kwa hiyo kizazi kile maarufu, wanachokiita Vigo, kilichoanza kati ya 2004 na 2005 na kuisha 2015, hakikuuzwa Japani kabisa. Hilux ya umri huo iliyoko yadini imetoka Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, nchi zinazoweka usukani kulia kama sisi. Vinginevyo iliingia nchini ikiwa mpya kupitia Toyota Tanzania, ikatumika kwenye halmashauri, mradi au mgodi, kisha ikauzwa mnadani. Anayesema "nimeagiza Vigo safi ya Japani" aombwe karatasi.

Ranger ya sasa ina historia fupi zaidi. Kizazi kilichobadilisha sifa yake, T6, kilibuniwa Australia na kuanza kuuzwa mwaka 2011. Hutengenezwa Thailand na katika kiwanda cha Silverton, Pretoria. Nayo hutufikia kwa njia zile zile: Thailand, Afrika Kusini, Uingereza. Kabla ya hapo Ranger ilikuwa pikapu ya kawaida tu. Watu wengi wa Mara walianza kuigeuzia shingo baada ya T6, yaani Hilux ilikuwa imeshatangulia kwa zaidi ya miaka 40, kwani imekuwepo duniani tangu 1968.

Miaka 40 hiyo ndiyo inayoeleza sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Fundi wa leo Bunda alifundishwa kazi na fundi aliyeifungua Hilux, naye alifundishwa na aliyeifungua Hilux iliyotangulia. Ujuzi wa Ranger haujapata muda wa kurithiwa namna hiyo.

Upande wa Hilux

Hoja ya kwanza ya watetezi wa Hilux ni spea, na ni hoja nzito. Filta, bushi, klachi, shokapu, boljointi, hata taa ya nyuma iliyovunjwa na ng'ombe, vyote hupatikana Musoma mjini au Bunda, na kisipopatikana asubuhi, jioni kinashuka na basi kutoka Mwanza. Zipo halisi, zipo za bei nafuu, zipo za mtumba. Ushindani huo wa wauzaji hushusha bei. Mpaka wa Sirari nao uko jirani, na soko la Kenya limejaa Toyota vile vile.

Hoja ya pili ni kuuza tena. Hilux ni akiba inayotembea. Mwenye shida ya ada au ya msiba anaweza kuigeuza fedha ndani ya siku chache bila kudhalilika kwenye bei, na madalali wanalijua hilo. Kwa mfanyabiashara wa dagaa au wa pamba, ambaye mtaji wake hupanda na kushuka na msimu, sifa hiyo ina thamani kubwa kuliko nguvu za farasi.

Ya tatu ni sifa ya uvumilivu. Vita vya Chad na Libya vya mwaka 1987 viliitwa Vita vya Toyota kwa sababu ya pikapu za kampuni hiyo zilizotumika jangwani. Sifa ya namna hiyo haikununuliwa kwa matangazo.

Lakini sifa ina tabia ya kuficha kasoro. Chukua injini ya 3.0 D-4D, ile ya 1KD, iliyoipa Vigo jina. Udhaifu wake unajulikana kwa mafundi wa nchi nyingi: washa ndogo za shaba zinazoziba chini ya nozo huchoka. Zikivuja, moshi wa mlipuko hupanda juu na kuchanganyika na oili. Oili inageuka kuwa tope jeusi, tope linaziba chujio la chini ya injini, na pampu inakosa cha kuvuta. Gari linaondoka Musoma taa zote za dashibodi zimezimika, linafika Lamadi injini imenoki. Tiba yake ni rahisi kama washa zitabadilishwa mapema, ila mwenye gari aliyeaminishwa kwamba "Toyota haifi" hana sababu ya kuzibadilisha.

Injini ya 2.8 iliyokuja 2015 nayo ina yake. Nchini Australia Mahakama ya Shirikisho iliamua mwaka 2022 dhidi ya Toyota kuhusu Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020, kwa sababu chujio la masizi kwenye ekzosi, lile mafundi wanaloliita DPF, halikufanya kazi ipasavyo. Hilux nyingi zilizouzwa zikiwa mpya katika soko la Afrika hazikuwekewa chujio hilo, kwa hiyo kesi hiyo si yao. Ni ya yule anayeagiza Hilux kutoka Ulaya.

Upande wa Ranger

Watetezi wa Ranger huanza na nguvu, na hapo hawana haja ya kutia chumvi. Injini ya 3.2, yenye silinda tano, hutoa nguvu za farasi 200 na msokoto wa Nm 470. Hilux ya 3.0 ya wakati ule ilikuwa na farasi 171 na msokoto usiofika Nm 400. Mlimani ukiwa na tani moja nyuma, tofauti hiyo unaisikia mguuni. Ranger pia ina uwazi mrefu zaidi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, mita 3.22 dhidi ya 3.09 hivi za Hilux iliyokuja 2015, na ndiyo sababu mojawapo inayoifanya itulie kwenye lami na kuwapa abiria wa nyuma nafasi ya magoti. Kwa maji, Ford inaruhusu ivuke kina cha sentimita 80, Hilux 70.

Usalama ni hoja ambayo vijiweni haitajwi sana, nayo ilipaswa kutangulia. Mwaka 2011 Ranger ilikuwa pikapu ya kwanza kupata nyota tano katika majaribio ya ajali ya Euro NCAP. Mwaka 2016 jarida la Sweden, Teknikens Värld, liliijaribu Hilux kwa kukwepa kizuizi ghafla, na ikainuka upande mmoja. Toyota ikalazimika kurekebisha. Anayeendesha usiku kati ya Ndabaka na Bunda, ambako ng'ombe, na pengine nyumbu, wanaweza kuwa katikati ya barabara bila taarifa, anaijua maana ya kukwepa ghafla.

Soko la nje nalo linawaunga mkono. Hilux iliongoza mauzo ya magari yote Australia kwa miaka kadhaa mfululizo hadi 2022. Mwaka 2023 Ranger ikaipokonya nafasi hiyo. Waaustralia wana nchi ya vumbi na masafa marefu, wala si watu wa kudanganywa kirahisi kuhusu pikapu. Isipokuwa wao wana wakala aliye karibu, na gari lao lina dhamana.

Ndipo tunapofika kwenye uchungu wa Ranger. Kipoozeo cha EGR cha injini ya 3.2, yaani cha kupoza moshi unaorudishwa kwenye injini, hupasuka, maji ya rejeta yakaingia mahali pasipostahili, na dereva asiyeangalia kiwango cha maji huja kushtuka silinda hedi imeshapinda. Nozo zake ni ghali. Kingine, wakala. Mwanzoni mwa 2025, CMC Motors, kampuni iliyouza Ford na chapa nyingine Afrika Mashariki kwa miaka mingi, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Chapa haifi kwa sababu muuzaji ameondoka, na mwenye gari la mtumba hakuwa na dhamana tangu mwanzo. Hata hivyo wakala ndiye anayeleta spea halisi, mafunzo ya mafundi na kompyuta za kupimia, na misukosuko yake huwafikia hata wasiowahi kukanyaga mlangoni kwake.

Kuna nafuu moja ambayo wengi hawaijui. Mazda BT-50 za 2011 hadi 2020 zilitumia injini za 2.2 na 3.2 zile zile za Ranger, na Land Rover Defender za mwisho za umbo la zamani, kuanzia 2012, zilikuwa na injini ya 2.2 ya ukoo huo. Fundi aliyezoea Defender hizo si mgeni kabisa kwa Ranger.

Namna oili inavyomwagwa

Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwa nini gari lile lile huwa dhahabu kwa mmoja na balaa kwa mwingine.

Desturi ya gereji zetu ni hii: gari linapandishwa asubuhi, nati ya chini inafunguliwa, oili inaachwa ichuruzike "mpaka tone la mwisho". Fundi anakwenda kunywa chai, au anamshughulikia mteja mwingine, au filta haijaletwa na bodaboda. Oili mpya inaingia mchana. Kwa Hilux hakuna ubaya, na fundi makini ataona ndiyo kazi safi.

Kwa Ranger ya 2.2 au 3.2, ustadi huo unaweza kuua injini. Pampu yake ya oili ikikaa tupu kwa muda mrefu hupoteza uwezo wa kuvuta. Gari likiwashwa, oili ipo kwenye sampu lakini haipandi, na vyuma vinasuguana vikavu. Maelekezo ya Ford ni kwamba oili mpya iingie ndani ya dakika 10 baada ya kuanza kumwaga ya zamani. Maana yake filta na oili viwe mezani kabla nati haijaguswa.

Hakuna kilichoharibika kwenye gari hapo. Kilichokosekana ni taarifa, na taarifa ya namna hiyo husambaa pale magari ya aina hiyo yanapokuwa mengi. Mjini Mwanza gereji kadhaa zimeshaijua kwa kuungua vidole. Ukiingia ndani zaidi, Kibara au Buhemba, ni bahati yako.

Nchi ya kutoka ina uzito kuliko nembo

Anayeagiza kutoka Uingereza, Hilux au Ranger, anapaswa kujua mambo mawili. Waingereza humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hupanda chini ya gari na kula chasisi. Juu rangi inang'aa, viti vimefungwa nailoni, lakini ukilala chini ukagonga chasisi kwa nyundo ndogo karibu na springi za nyuma, penye uzima chuma kinalia, penye kutu kinatoa sauti ya kufa na magamba yanadondoka. Pikapu ya kubeba mawe yenye chasisi ya namna hiyo ni hatari, hata kama injini inanong'ona. Mara nyingi yadini utakuta chini pamepakwa rangi nyeusi mpya. Rangi hiyo ndiyo ya kuikwangua kwanza.

Jambo la pili ni DPF. Dizeli yetu si mbaya kama zamani, kwani tangu 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kinataka salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni. Lakini chujio hilo hujisafisha kwa joto la safari ndefu. Gari la kutoka Bweri kwenda Mkendo na kurudi halifiki joto hilo. Masizi yanajaa, taa inawaka, nguvu zinapungua, na mwisho fundi anashauri likatwe. Likikatwa bila kompyuta ya injini kurekebishwa, gari halitaacha kulalamika.

Gari la Thailand au Afrika Kusini linakwepa chumvi, na mengi yake yanakwepa hata DPF. La mnadani hapa nchini lina faida nyingine: kumbukumbu. Magari ya serikali yanatakiwa kutengenezwa kwenye gereji za serikali za TEMESA, na faili la matengenezo, likipatikana, lina ukweli kuliko dalali yeyote. Ila limechapwa na kila dereva aliyepangiwa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyelinunua kwa fedha yake.

Musoma, Bunda na Butiama si barabara moja

Barabara kuu ya Mwanza, Bunda, Musoma hadi Sirari ni lami, na mtu ambaye maisha yake yako juu ya lami hiyo, mkandarasi, ofisa wa mradi, mfanyabiashara anayefuata mzigo Mwanza kila wiki, anapata faida zote za Ranger: utulivu, nguvu ya kupita lori, usalama. Ikimharibikia yuko njiani kwenda Mwanza, ambako kuna watu na spea. DPF yake, kama ipo, inajisafisha njiani bila yeye kujua.

Ukiiacha lami mambo hubadilika. Sehemu za Bunda zilizo karibu na ziwa zina udongo mweusi wa mbuga, ambao masika huganda kwenye tairi mpaka gari linateleza ubavu. Hapo nguvu 200 za farasi hazina kazi. Kinachokutoa ni tairi nzuri, magurudumu manne yanayovuta, na uzito usiozidi. Pikapu zote mbili hupita pale pale, na hukwama pale pale.

Butiama ni habari ya mawe. Kutoka kijiji cha Mwalimu Nyerere kuelekea Buhemba, kwenye machimbo ya dhahabu, gari hubeba viroba vya mawe, mapipa ya maji na vijana juu yake. Uwezo wa kubeba wa zote mbili ni tani moja hivi, na hakuna anayeuheshimu. Kinachokufa kwanza ni springi, bushi na boljointi, yaani spea ndogo ndogo za kila mwezi. Kwenye hizo Hilux inashinda bila mjadala, kwa sababu zinauzwa dukani barabarani na fundi anazifunga chini ya mwembe.

Kisha kuna dizeli ya madumu. Mialoni na machimboni mafuta mara nyingi hununuliwa kwenye dumu, na dumu lina maji na mchanga. Nozo za kisasa, za D-4D na za Ford kwa pamoja, haziusamehi uchafu huo. Inayousamehe zaidi ni Hilux yenye 5L-E, isiyo na turbo wala mfumo wa dizeli ya shinikizo kubwa. Ni gari la polepole, mlima inaupanda kwa taabu, na abiria wake hawana cha kujivunia. Kwa mwenye kazi ya mwaloni, hakuna pikapu ya kisasa inayoifikia.

Punguzo ni bei ya nini

Ranger ya umri na hali ile ile huuzwa nafuu kuliko Hilux. Kambi moja inaliita punguzo hilo bahati, nyingine inaliita mtego. Ni bei tu. Soko limeshahesabu siku ambazo Ranger itasimama ikisubiri spea, fundi atakayekosea, na mnunuzi atakayebanwa siku ya kuiuza, kisha likakata jumla yake kwenye bei. Anayenunua Ranger amepewa fedha hiyo mkononi ili abebe hatari hiyo yeye mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama wewe unaweza kuibeba hatari hiyo kwa gharama ndogo kuliko mnunuzi wa kawaida. Mwenye gari jingine la kwenda nalo shambani hili likiwa limesimama, anaweza. Mwenye fundi wa uhakika Mwanza na anayekagua maji ya rejeta kila asubuhi, anaweza. Mwenye pikapu moja tu, ambayo ikikosa kwenda mwaloni leo dagaa wanaoza leo, hawezi. Kwake siku tatu za kusubiri kipoozeo kutoka Dar es Salaam au Nairobi zinameza punguzo lote.

Nikipima yote, kwa kazi za vijijini Bunda na Butiama naiweka mbele Hilux, tena yenye 2.5 au 5L-E kuliko 3.0 inayotamaniwa na wengi, na 3.0 ikichukuliwa, washa za nozo zibadilishwe kabla ya safari ya kwanza. Kwa anayeishi mjini Musoma na kufanya kazi juu ya lami, Ranger ya 3.2 au hata 2.2 kutoka Thailand au Afrika Kusini ni ununuzi wa akili, mradi punguzo lisiingizwe kwenye msingi wa nyumba bali libaki benki likingojea EGR na nozo. Ranger ya 2.0 yenye turbo mbili ningeiacha kwanza, na Hilux ya 2.8 ya Ulaya yenye DPF ningeiacha pia. Zote ni magari mazuri sana yaliyotengenezewa mahali penye wakala.

Mizani hii haitakaa hivi milele. Ranger zinaongezeka barabarani, na spea hufuata wingi. Siku duka la Bunda litakapokuwa na kipoozeo cha EGR cha Ranger rafuni, bila kupiga simu Mwanza, hesabu itabidi ipigwe upya. Na bei ya Ranger yadini nayo itakuwa imeshapanda.